Kumtafuta Bibi kwa Dira

Niliporudi Kilosa kutoka mafunzo ya uongozi wa skauti, nilirudi na dira ya shule mfukoni na hofu moja: kwamba siku si nyingi nitawaingiza watoto wa darasa la saba porini, niwapoteze, na wazazi wao wanitafute kwa fimbo. Kwenye mafunzo mambo yalikuwa rahisi. Mkufunzi wetu, Mwingereza mwenye soksi ndefu, alitupanga kwenye uwanja wa mpira uliofyekwa vizuri, akatufundisha kuilaza ramani chini, kuigeuza iangalie kaskazini, kusoma nyuzi kwenye duara la dira, kuchagua mti ulio mbele kwenye mstari, kuuendea, kisha kuchagua mwingine. Uwanjani nilikuwa hodari. Lakini porini kila mti unafanana na mwenzake, na hakuna mtu wa kukupigia filimbi ukikosea.

Kwa hiyo kila Jumamosi nikawa natoka kujizoeza peke yangu. Nilianzia mjini, na nilijuta. Ukisimama karibu na stesheni umeshika kisahani cha dira kifuani, unageuka kidogo kidogo huku umekunja uso, watu hawakuachi. Mama mmoja muuza samaki wakavu aliniuliza kama napima upepo. Mwingine akasema mwalimu amesoma mpaka amesahau njia ya kwenda kwao. Nikaamua kwenda kwenye mashamba ya mkonge, nikidhani ile mistari iliyonyooka itanisaidia.

Nauchukia mkonge, na nasema wazi. Niliuchukia tangu wakati ule. Ukiingia katikati ya kitalu, mbele ni mstari, nyuma ni mstari, kushoto na kulia ni mistari, na yote inakutazama kwa miiba. Huna mlima, huna nyumba, huna mti wa kuukumbuka. Harufu ya makapi yanayooza inatoka korona, kule mashine inakokwangua majani yabaki nyuzi, na huwezi kujua inatokea upande gani. Manamba waliokuwa wakikata waliimba, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja, na katika ukimya ule nilijikuta natembea haraka kuliko nilivyokusudia. Mmoja wao, kijana aliyeletwa kwa mkataba kutoka mbali sana, aliniambia hakuna anayetaka kuwa wa mwisho kutoka kwenye mstari. Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama aliyeulizwa kwa nini watu hula. Hata hivyo sindano haikunidanganya. Nilitokea pale pale kwenye reli ya troli nilipopanga kutokea, nikapiga mluzi kwa furaha.

Ramani nilikuwa nimeipata kwa karani wa upimaji wa shamba, rafiki yangu tangu shuleni, aliyeninakilia kwa mkono kwenye karatasi angavu. Ilionyesha reli, barabara, mito, vitalu vilivyokwisha kupandwa, na kwa mstari wa nukta, vitalu vitakavyopandwa. Bei ya mkonge ilikuwa imepanda ulimwenguni na mzungu mwenye shamba alikuwa na haraka. Upande wa kusini, njia ya kuelekea Mikumi, ng'ambo ya kitalu cha mwisho, palikuwa na kiduara cha vistari na neno dogo pembeni yake: mahame. Hapakuandikwa jina la kijiji.

Jioni moja niliitandika ramani ile mkekani nyumbani. Nilikuwa bado naishi na mama, mjane. Hakujua kusoma lakini alipenda kujua kila kitu. Akaniletea chai, akachuchumaa, akaanza kuuliza: hii nini, hii nini. Nilipofika kwenye kiduara nikamwambia hapa palikuwa kijiji, watu walihama. Akauliza mto upi uko karibu. Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu ya kile kiduara, akakiacha hapo mpaka chai yangu ikapoa.

"Hapo ndipo nilipomwacha mama," alisema.

Nilielewa kama mtu yeyote angeelewa. Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka wa njaa, wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, mama akiwa mtoto. Hilo tulilijua sote nyumbani, na hatukujua zaidi. Nikadhani anasema kaburi. Nikamweleza, kwa sababu sikuwa na akili ya kunyamaza, kwamba ule mstari wa nukta umepita juu ya kiduara, na kwamba karani amesema trekta litafika huko kabla ya mvua.

Mama hakulia. Alitoa kidole kwenye karatasi, akajifunga kanga upya. "Nina neno la kumwambia kabla hawajamfikia," alisema. "Nilikwenda mara moja, nilipokuwa mwali, na mjomba wangu. Pori lilikuwa limefunga. Tulizunguka mpaka tukakutana na nyati, tukarudi mbio. Hicho kisahani chako kinaweza kunipeleka?"

"Mama, hiki ni cha skauti."

"Basi nifanye skauti."

Nilicheka, yeye hakucheka. Na tangu jioni ile nyumba yetu ilibadilika. Mama hakuwa mtu wa mashetani. Aliwacheka majirani waliokimbilia kwa mganga kila mtoto alipokohoa. Lakini sasa nilimkuta jikoni amesimama na mwiko hewani, kichwa ameinamisha upande mmoja, anasikiliza. Ukimsemesha hakusikii. Siku moja alijibu kwa sauti ya chini, "Ndiyo, nakuja," na sikuwa nimemwita, wala hapakuwa na mtu mwingine ndani. Nilisimama mlangoni nikaogopa. Nilimwogopa mama yangu mwenyewe, mchana, jua likiwaka.

Nikaongeza bidii. Jumamosi zote nilipita vichaka vya pembeni mwa shamba, nikichukua nyuzi kutoka kwenye bikoni, nguzo ya mpaka wa shamba, hadi kwenye daraja, kutoka daraja mpaka kwenye kilima, nikijaribu kuvuka manyasi marefu bila kuuacha mstari. Nilijifunza mambo ambayo mkufunzi hakuyasema, kwamba mguu wa kulia unakuvuta, kwamba ukizunguka mwiba upande mmoja lazima unaofuata uuzunguke upande wa pili. Na lile alilolisema mara nyingi zaidi nililishika: chuma kiwe mbali na dira. Watoto niliwakaririsha. Kisu, funguo, mkanda wenye kishikizo cha chuma, vyote viwekwe pembeni kabla ya kusoma sindano.

Siku tuliyokwenda, mama alitoka chumbani na jembe la bibi mgongoni.

Lazima nilieleze jembe hilo. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama, na jembe lile lilikuwa la bibi, limetoka kwa mama yake. Lilikaa chumbani kwa mama limefungwa kaniki, na halikulima. Lilitoka siku za msiba na siku za tambiko tu, kuchimba kishimo cha kumwagia unga na maji. Tulipokuwa watoto, tukipita mbele yake tulisema, "Shikamoo bibi," na mama ndiye aliyetuitikia marahaba kwa niaba yake. Likishatoka nyumbani haliwekwi chini mpaka lifike linakokwenda, na anayelibeba ni binti, si mtu mwingine. Mama alilifunga mgongoni kwa kanga kama abebavyo mtoto, mpini ukichungulia begani. Nikaliamkia kwa mazoea. Kisha nikavua mkanda wangu na kukiacha kisu nyumbani, kwa ajili ya dira, nikajiona mtu makini sana.

Lori la manamba lilituchukua mpaka kitalu cha mwisho. Mnyapara alimwamkia mama kwa heshima na hakuuliza kitu. Nadhani alidhani tunakwenda kuzika. Palikuwa na bikoni ya mpaka pale, nguzo fupi ya saruji, na kwa mbali upande wa mashariki trekta lilikuwa limeanza kunguruma. Karani alikuwa amekosea kuhusu mvua. Walikuwa wamekwisha kuingia. Wakiangusha mti mkubwa, ardhi ilitetemeka kidogo mpaka miguuni petu.

Nikasoma nyuzi. Mama akaja akasimama ubavuni mwangu kabisa, kidevu karibu begani, kutazama sindano inavyofanya. Nikachagua mti. Tukaenda. Nikasoma tena, naye akaja tena. Tuliendelea hivyo asubuhi yote, manyasi yakituzidi kimo, na nilijivunia, kwa sababu kila mti niliouchagua tuliufikia. Kwa hesabu ya ramani tulipaswa kutokea kwenye mwinuko mwembamba, kisha mahame. Badala yake ardhi ilianza kushuka. Ikashuka zaidi. Tukatokea kwenye ukingo wa korongo lenye kuta nyekundu, na chini yake maji kidogo yakitambaa katikati ya mawe.

Nikaitazama ramani. Korongo hilo lilikuwepo, lakini mbali upande wa kushoto wa mstari wetu. Nikasoma dira upya, nikageuza karatasi, nikaanza kutoka jasho la aibu. Nilikuwa karibu kumwambia mama kwamba nimempoteza, nikageuka, nikamkuta ameshika mdomo kwa mikono miwili.

Alikuwa akitazama jiwe moja kubwa ng'ambo ya maji, lililopasuka katikati kama andazi. "Hapa," alisema. "Hapa ndipo nilipomsikia mara ya mwisho."

Akaniambia, amesimama hivyo hivyo na jembe mgongoni, kwa kuwa asingekaa chini nalo. Wanaume wa kijiji walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya vita. Askari wa upande mmoja walipita wakala mtama, wa upande wa pili wakapita wakala uliobaki. Kaka wa bibi, aliyeachwa kwa sababu ya kiuno kibovu na ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye neno, akaamua walionusurika waende Kilosa kwenye reli. Bibi alikuwa na donda la mguu lililokwishafika mfupani. Hakuweza kusimama. Wa kumbeba hakuwepo, kwa sababu wanawake walikuwa wamebeba watoto. Wakamwachia chungu cha maji, moto, kinu na mtama kidogo waliouficha. Mama alikuwa na umri wa kumbeba mdogo wake mgongoni, si zaidi. Akamng'ang'ania bibi, hataki kutoka.

"Akaniambia, mimi nitatwanga," mama alisema. "Alikaa chini, kinu katikati ya miguu. Akasema, utanisikia njia nzima, utajua nipo na sina shida. Nitatwanga mpaka mfike."

Kaka huyo wa bibi akalipokea jembe mikononi mwa bibi, kwa kuwa mgongoni mwa mama alikuwemo mdogo wake, wakaondoka. Na walimsikia. Walimsikia kwenye mashamba, wakamsikia kwenye mwinuko, na kwenye jiwe lile lililopasuka mama alisimama akamsikia bado, kwa mbali, polepole, anapumzika kisha anaanza tena. Mjomba wake huyo akamvuta mkono. Baada ya hapo hakujua tena kama ni kinu au ni moyo wake.

"Kwa hiyo hakuzikwa," nilisema.

"Nani angemzika?"

 Nilikumbuka kwamba katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona mama akitwanga. Alipeleka nafaka kwa jirani, akasingizia mgongo, na majirani walipotwanga yeye alitoka akaenda sokoni hata kama hakuwa na cha kununua. Tulimtania kwa uvivu huo. Mimi ndiye niliyemtania zaidi.

Kwa kukosa la kufanya, nikaitazama dira iliyokuwa mkononi. Mama alikuwa amesogea ukingoni, hatua kadhaa kutoka kwangu, na sindano ilikuwa imehama. Alipogeuka na kunirudia, ikahama tena, ikamfuata kama kuku anayefuata mtama. Ndipo nikalitazama jembe. Asubuhi yote nilikuwa nimesoma nyuzi nikiwa na chuma kikubwa ubavuni. Mkanda niliuvua, kisu nikakiacha, na jembe nikaliamkia. Haikunijia hata mara moja kwamba ni chuma. Kwangu lilikuwa bibi.

Nikamweleza mama. Sikumficha: jembe limevuta sindano, sindano imetuvuta sisi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Alitaka nianzie pale nilipoachia kumsikia."  Namna chuma kinavyovuta sindano naweza kukueleza mpaka kesho, lakini kwa nini tulitupwa pale kwenye lile jiwe, katika pori lote lile, siwezi.

Sasa tulijua tulipo, kwa kuwa pinda lile la korongo lilikuwemo kwenye ramani, tukavuka maji. Nikachukua nyuzi kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye kiduara, nikamwomba mama abaki nyuma mbali, mahali ambapo jembe lisingeivuta sindano. Asingeniona kwenye manyasi yale. Na kuitana kwa majina alikataa. Mahameni haliitwi jina la mtu, alisema, likisikiwa huko litakumbukwa. Tukakubaliana apige makofi mawili, nami nijibu mawili, anifuate kwa sauti.

Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile, ingawa haikuwa ndefu. Trekta lilinguruma upande mmoja na makofi ya mama yalinijia nyuma, na kila nilipojibu nilihisi nampungia mtu mkono wa kwaheri. Nilisoma sindano, nikachagua mti, nikaenda. Kuna wakati makofi yalikawia. Nikasimama, nikageukia nilikotoka. Kisha yakaja, mawili, lakini yalisikika kutoka mbele. Nikajiambia ni mwangwi, kwa sababu nimewafundisha watoto mwangwi na ninajua unavyofanya kazi. Nikajibu. Nikayafuata, na yalikuwa kwenye mstari wangu kabisa.

Nilitokea mahali palipokuwa na nyasi fupi. Palikuwa na mafiga matatu yamezama nusu ardhini, na jiwe la kusagia limepinduka. Kinu hakikuwepo, mchwa wa miaka yote ile wasingekiacha. Hapakuwa na mfupa, wala alama nyingine yoyote ya mtu. Mama alifika nyuma yangu baada ya muda mrefu, macho mekundu. Nikamwambia makofi yake ya mwisho yalinisaidia. Akasema alikuwa ameacha kupiga tangu kwenye mwinuko, kwa sababu alikuwa analia na mikono imeshika mpini wa jembe. Alinifuata kwa kutazama nyasi nilizozilaza.

Upande wa mashariki mti mwingine ukaanguka, karibu kiasi cha kusikia matawi yakivunjika.

Mama alifungua kanga, akalishusha jembe, akachimba kishimo kando ya mafiga. Akachanganya unga wa mtama na maji kwenye kibuyu, akapiga magoti. Nilitaraji maneno marefu ya tambiko, yale ninayoyasikia kwa wazee. Hakuyasema. Alizungumza kama anayezungumza na mtu aliye chumba cha pili, kwa lugha ya kwao, na nitayaweka hapa kwa Kiswahili kama nilivyoyaelewa.

"Mama, ni mimi. Tulifika. Kaka yako alifika, alizeeka, amekufa kwake. Mimi nilifika, nikaolewa, huyu ni mwanangu, ni mwalimu. Mdogo wangu hakufika, alinifia mgongoni kabla ya reli. Nilidhani labda amerudi kwako. Hakuna aliyerudi kukuambia. Sote tulisema tutarudi. Samehe."

Akamwaga ule unga kwenye kishimo, mpaka tone la mwisho.

"Tulifika, mama," akasema tena. "Acha kutwanga sasa."

Saa ya chakula ilikuwa imefika kule kwa manamba, kwa sababu trekta lilizimwa. Pori lote likatulia. Mama alibaki amepiga magoti, kichwa ameinamisha upande mmoja, kama nilivyomwona jikoni. Alisikiliza muda mrefu sana. 

"Wewe unasikia kitu?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Sisikii."

Akasikiliza tena kidogo, kisha akajifuta uso kwa pindo la kanga.

"Na mimi sisikii," alisema.